Taa ya Reli Ikiharibika, Dereva Aone Nini?

Dereva wa matatu akiona ng'ombe barabarani hukanyaga breki, na gari likasimama mita chache mbele. Dereva wa treni hana nafasi hiyo. Treni ya mizigo iliyojaa, ikiwa katika mwendo wake wa kawaida, inaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja ili isimame kabisa, na mara nyingi umbali huo ni mrefu kuliko macho ya dereva yanavyoweza kufika, hasa usiku, penye kona au kwenye ukungu. Kwa hivyo dereva wa treni haendeshi kwa kutegemea anachokiona kwenye reli. Anaendesha kwa kutegemea anachoambiwa na taa zilizosimamishwa kando ya reli.

Katika Kaunti ya Makueni, laini mbili za reli hupita karibu karibu. Ya kwanza ni ile ya zamani ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, na ambayo ilizaa miji ya Mtito Andei, Makindu na Sultan Hamud. Ya pili ni reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 na yenye stesheni Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Wengi wamezoea kuziona taa za reli, lakini ni wachache waliowahi kuelezwa kwa nini ziko vile zilivyo. Makala haya yanafuatilia aina kuu za taa hizo zilizotumika duniani, na yanazipima kwa swali moja: zikiharibika, zinamwambia dereva nini?

Swali hilo ndilo wahandisi wa reli huanza nalo. Kila kifaa huharibika siku moja. Balbu huungua, waya hukatika, stima hupotea, panya hutafuna. Hitilafu inayoifanya taa iwe nyekundu bila sababu ni usumbufu tu. Treni inachelewa, abiria wananung'unika, fundi anaitwa. Hitilafu inayoifanya taa iwe ya kijani wakati kuna treni nyingine mbele ni jambo jingine kabisa. Ya kwanza huitwa hitilafu ya upande salama, ya pili hitilafu ya upande wa hatari, na historia yote ya taa za reli ni juhudi za kuhakikisha kwamba mitambo ikianguka, inaangukia upande wa kwanza.

Wakati nyeupe ilipokuwa ruhusa

Reli za mwanzo nchini Uingereza zilitumia rangi tatu: nyekundu kwa kusimama, kijani kwa tahadhari, na nyeupe kwa kupita. Kasoro yake inaonekana mara moja mtu akiifikiria. Taa ya wakati huo ilikuwa ya mafuta, na rangi yake ilitokana na kipande cha kioo kilichowekwa mbele ya moto. Kioo chekundu kikivunjika na kuanguka, kinachobaki ni moto mtupu, yaani nyeupe, yaani pita. Tena taa yoyote ya nyumba au ya mtaa iliyo kando ya reli ingeweza kudhaniwa kuwa ruhusa.

Mchana walitumia mkono wa mbao au wa chuma juu ya mlingoti. Ukinyooka, simama, ukishuka, endelea. Tarehe 21 Januari 1876, huko Abbots Ripton kaskazini mwa London, theluji iliganda kwenye milingoti na mikono ikanasa ikiwa imeshuka. Mwashiri alivuta wenzo wake akiamini ameisimamisha treni, kumbe kule nje ishara ilikuwa bado inaruhusu kupita. Treni ya kasi ikaigonga ya makaa ya mawe, kisha treni ya tatu ikaja upande wa pili ikagonga mabaki. Baada ya hapo ishara zikaanza kuwekwa zikiwa zimekataza wakati wote, na kushushwa tu pale treni inaporuhusiwa kupita. Polepole nyeupe ikaondolewa, kijani kikawa ndiyo ruhusa, na baadaye manjano yakaingia kama tahadhari. Mataa ya barabarani ya Nairobi yalirithi rangi hizo kutoka kwenye reli.

Reli yenyewe inavyotoa taarifa

Mwaka 1872, Mmarekani William Robinson alisajili uvumbuzi ambao hauonekani kwa macho lakini ni mkubwa kuliko taa zote. Reli hugawanywa vipande, na kila kipande hupitishiwa umeme mdogo: unaingia mwisho mmoja kwa chuma cha kushoto, unarudi kwa chuma cha kulia, na ule mwisho mwingine unashikilia swichi ya sumaku. Maadamu umeme unafika, swichi imeinuka na taa inaweza kuwa ya kijani. Treni ikiingia kwenye kipande hicho, magurudumu na ekseli zake za chuma huunganisha pande mbili za reli. Umeme unapitia njia hiyo ya mkato na hauifikii tena swichi. Swichi inaanguka kwa uzito wake, na taa inageuka nyekundu.

Uzuri wake ni kwamba ili taa iwe ya kijani, kila kitu lazima kiwe kizima. Betri ikiisha, nyekundu. Waya ukikatika, nyekundu. Chuma cha reli kikivunjika vipande viwili, mara nyingi taa inakuwa nyekundu hata kama hakuna treni. Mfumo hauhitaji mtu wa kukumbuka chochote. Una udhaifu wake pia: kutu nyingi juu ya reli, au majani yaliyopondwa na magurudumu na kuganda kama rangi, yanaweza kuzuia gurudumu lisigusane vizuri na chuma, na treni ikawa kama haipo. Lakini kwa zaidi ya miaka 100 hakuna kilichoushinda kwa urahisi na uaminifu.

Familia nne za taa

Ni Marekani ambako aina za taa zilitofautiana zaidi, kwa sababu kila kampuni ya reli ilijichagulia. Hapo ndipo ulinganisho wa kweli unapatikana.

Aina inayojulikana zaidi ni taa za rangi zilizopangwa wima, kila rangi na balbu yake, kama mataa ya mjini. Hakuna kitu kinachosogea ndani yake. Balbu moja inazimwa, nyingine inawashwa. Kwa sababu hiyo hazinasi, wala hazigandi. Shida yake kubwa ni jua. Asubuhi au jioni, miale inayoingia moja kwa moja kwenye lenzi inaweza kurudi nje ikiwa na rangi ya kioo, na taa iliyozimwa ikaonekana kama imewaka. Ndiyo sababu kila lenzi ina kofia ndefu juu yake na ubao mweusi nyuma. Katika milingoti ya Uingereza, taa nyekundu huwekwa chini kabisa, karibu na usawa wa macho ya dereva, tofauti na mataa ya barabarani ambako nyekundu iko juu.

Aina ya pili ilionekana kuwa ya werevu zaidi ilipotoka, miaka ya 1920. Ina lenzi moja tu na balbu moja. Ndani yake kuna fremu ndogo yenye vioo vya rangi tatu, inayosogezwa na sumaku ya umeme mbele ya balbu. Nyekundu iko katikati, na umeme ukipotea, uzito hurudisha fremu katikati. Mwanga wake hukusanywa vizuri hivi kwamba balbu ndogo huonekana mbali sana, na jua haliwezi kuzua rangi ya uongo kwa urahisi, maana miale ikiingia inakutana na rangi ileile iliyowekwa. Lakini kile kifaa kinachosogea ndicho kilichoiponza. Kitu chochote kinachosogea kinaweza kunasa, kwa uchafu, kwa barafu, kwa uchakavu. Kikinasa kwenye kijani, ile hitilafu ya upande wa hatari imerudi kwa mlango wa nyuma. Zilihitaji mafundi wa kuzisafisha na kuzipima mara kwa mara, na reli nyingi zimeziondoa.

Aina ya tatu inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu iliacha rangi kabisa.

Novemba 1875, treni mbili ziligongana Lagerlunda, Uswidi. Profesa Frithiof Holmgren wa Chuo Kikuu cha Uppsala alishuku kwamba mmoja wa wafanyakazi alishindwa kutofautisha rangi za taa. Wataalamu wa baadaye wamelitilia shaka hitimisho hilo, lakini kazi aliyoifanya Holmgren ilibadilisha ajira za reli duniani. Alitengeneza kipimo cha nyuzi za sufi za rangi mbalimbali: mfanyakazi anapewa uzi mmoja, anaambiwa achague zinazofanana nao. Waliochanganya nyekundu na kijani walijulikana papo hapo. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, takriban 1 kati ya 12 ana upungufu wa kiwango fulani katika kutofautisha rangi hizo, na wengi hawajijui mpaka wapimwe.

Kampuni ya Pennsylvania Railroad ilikuja na jibu tofauti. Badala ya kuchuja watu tu, ibadilishe taa. Mwaka 1915, kwenye reli ya nje ya Philadelphia, mkuu wake wa ishara A. H. Rudd alianza kutumia ubao mkubwa mweusi wenye taa nyingi, zote za rangi moja ya manjano hafifu inayopenya ukungu vizuri. Kinachozungumza ni mstari. Taa tatu zikiwaka wima, endelea. Zikiwaka mshazari, tahadhari. Zikiwaka mlalo, simama. Ni ule mkono wa zamani wa mlingotini, ila umechorwa kwa taa. Asiyeona rangi anasoma sawa na anayeona. Na balbu moja ikiungua, mbili zilizobaki bado zinaonyesha mstari, kwa hivyo dereva hapotezi ujumbe. Gharama yake ni balbu nyingi za kubadilisha na umeme mwingi, na mitambo mizito juu ya mlingoti. Baadaye, kwenye njia za kaskazini-mashariki mwa Marekani, taa za mlalo zilitiwa rangi nyekundu. Hata waliopenda mstari waliona kwamba nyekundu ina nguvu yake.

Aina ya nne ni mseto. Kampuni ya Baltimore and Ohio iliweka taa mbili mbili: kijani wima, manjano mshazari, nyekundu mlalo. Hapo ujumbe unatoka mara mbili, kwa rangi na kwa mstari. Balbu moja ikizimika mstari unapotea, lakini rangi inabaki. Kwa karatasi huu ndio mfumo bora kuliko yote. Haukuenea kwa sababu isiyohusu usalama: kila kampuni ilikuwa tayari imenunua ya kwake.

Siku hizi balbu zimebadilishwa na taa za LED, ambazo ni chembe nyingi ndani ya lenzi moja. Chache zikifa, zilizobaki zinaendelea, na kwa kuwa kioo chake si lazima kiwe na rangi, jua nalo linadanganya kidogo. Zimefanya baadhi ya mabishano ya zamani yapoteze maana.

Giza nalo ni ujumbe

Jambo moja linafanana katika mifumo yote na ni vizuri lieleweke. Mlingoti usio na mwanga wowote hausomwi kama ruhusa. Kanuni za reli, Uingereza na Marekani, zinamtaka dereva achukulie taa iliyozimika, au inayoonyesha ujumbe usiokamilika, kama agizo kali zaidi ambalo taa hiyo ingeweza kutoa. Mtu wa bodaboda akikuta mataa yamezimika huingia kwenye makutano kwa ujasiri. Dereva wa treni husimama.

Waingereza waliongeza mbinu moja nzuri mwaka 1926. Kwa sababu treni zilikuwa za kasi na karibu karibu, walihitaji tahadhari ya ngazi mbili. Manjano mawili yakiwaka pamoja, maana yake punguza mwendo, taa ya pili mbele huenda ikawa nyekundu. Manjano moja, jiandae kusimama kwenye taa inayofuata. Sasa fikiria moja ya yale manjano mawili imeungua. Dereva anaona moja tu, na moja ni agizo kali zaidi. Kuharibika kwenyewe kunamsogeza kwenye usalama, bila kifaa chochote cha ziada.

Clapham

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 12 Desemba 1988, dereva wa treni ya abiria iliyokuwa ikikaribia Clapham Junction, London, aliona taa ya kijani ikigeuka nyekundu ghafla mbele yake. Alikuwa karibu mno kuweza kusimama hapo. Akafanya kama kanuni zinavyosema: alisimama kwenye taa iliyofuata, akashuka, akapiga simu kwa mwashiri. Akaambiwa hakuna hitilafu yoyote inayoonekana. Wakati huo treni yake, ikiwa imejaa wafanyakazi wa asubuhi, ilipaswa kulindwa na ile taa ya nyuma yake. Taa hiyo haikubaki nyekundu. Treni ya pili ikapata ruhusa, ikapita kona, ikaigonga kwa nyuma. Treni ya tatu, isiyo na abiria, ikagonga mabaki. Watu 35 walifariki.

Taa zilikuwa za rangi, za kisasa, na hazikuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwenye chumba cha mitambo. Wiki mbili kabla, fundi aliyekuwa akiweka waya mpya aliuacha waya wa zamani bila kuukata na kuufunga kando. Ulikuwa umetolewa upande mmoja tu, ukabaki ukining'inia karibu na mahali ulipokuwa. Siku moja kabla ya ajali, kazi nyingine jirani iliusukuma, ukagusa tena. Kutoka hapo umeme ulifika kwenye swichi kwa njia ya pembeni, hata treni ilipokuwa juu ya reli. Ule uvumbuzi wa Robinson ulikuwa umerukwa.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na wakili Anthony Hidden haikuishia kwa fundi. Iligundua kwamba alikuwa amepata siku moja tu ya mapumziko katika wiki 13. Iligundua kwamba hakuna mtu wa pili aliyehesabu nyaya baada ya kazi, ingawa hesabu hiyo ya dakika chache ingemuonyesha waya mmoja uliozidi. Iligundua pia kwamba namna yake ya kuacha waya ilikuwa desturi yake ya miaka mingi, na hakuna msimamizi aliyewahi kumrekebisha. Vikomo vya saa za kazi kwa mafundi wa ishara vilitokana na ripoti hiyo.

Jambo la aina hiyo si la zamani wala la mbali. Tarehe 2 Juni 2023 katika wilaya ya Balasore, jimbo la Odisha, India, treni ya kasi ilipewa kijani cha njia kuu huku reli zikiwa zimeelekezwa kwenye njia ya kando iliyokuwa na treni ya mizigo. Zaidi ya watu 290 walikufa. Uchunguzi uliishia, kwa mara nyingine, kwenye nyaya zilizounganishwa vibaya wakati wa ukarabati.

Taa nzuri, jicho lililochoka

Kuna upande wa pili: taa inasema kweli, na dereva haioni. Ladbroke Grove, London, Oktoba 1999, treni ilipita taa nyekundu nambari SN109 ikagongana uso kwa uso na nyingine. Watu 31 walifariki. Jua la asubuhi lilikuwa likiangaza kwenye taa, mitambo ya umeme ya juu iliziba sehemu yake, na dereva alikuwa amefuzu wiki chache tu nyuma. Taa hiyohiyo ilikuwa imepitwa ikiwa nyekundu mara 8 katika miaka 6 iliyotangulia. Hilo la mwisho ndilo linalokera: onyo lilikuwapo, limeandikwa, na taa ikaachwa palepale.

Silver Spring karibu na Washington, Februari 1996, taa zilikuwa za ule mseto bora wa Baltimore and Ohio. Dereva aliipita taa ya tahadhari, akasimama stesheni kupakia abiria, kisha akaondoka kwa kasi kana kwamba hakuona kitu. Watu 11 walikufa. Chatsworth, California, Septemba 2008, dereva alikuwa akituma ujumbe kwa simu, 25 walikufa.

Baada ya Chatsworth, Bunge la Marekani liliagiza mfumo unaojulikana kama PTC, ambao huvuta breki wenyewe dereva asipotii. Ulikamilika kwenye njia zilizotakiwa mwishoni mwa 2020. Kwa kweli, mabishano ya miaka 80 kuhusu umbo la taa yalipewa uzito kupita kiasi. Waya uliokaguliwa na breki inayojivuta vimeokoa watu ambao hakuna mpangilio wa taa ungewaokoa.

Kisichoonwa na taa

Ukanda huu una kumbukumbu yake. Tarehe 30 Januari 1993, treni ya abiria iliyokuwa kwenye laini ya Nairobi na Mombasa ilitumbukia mtoni kwenye daraja la Ngai Ndethya, lililokuwa limebomolewa na mafuriko. Zaidi ya watu 100 walikufa. Taa ya kando ya reli huzuia treni isigonge treni. Haijui habari za mto. Hata umeme wa reli ungesaidia pale tu ambapo vyuma vyenyewe vimekatika. Nguzo za daraja zikienda na maji, vyuma vikabaki vikining'inia bila kukatika, umeme unapita kama kawaida na taa inabaki kijani. Ndiyo sababu, reli zinapojali mafuriko, hutegemea vipimo vya maji kwenye madaraja, na watu wanaotembea juu ya reli wakati wa mvua.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, reli ni jukumu la serikali ya kitaifa, si la kaunti. Lakini wakazi wanaoishi kando yake ndio huona kwanza udongo ulioporomoka au reli iliyopinda, na habari hiyo inapaswa kufika stesheni iliyo karibu bila kusubiri asubuhi. Anayevuka laini ya zamani kwa miguu akumbuke pia kwamba taa za reli hazikuwekwa kwa ajili yake. Nyekundu anayoiona huenda ni ya treni inayotoka upande mwingine, na haimhakikishii kwamba hakuna kinachokuja.

Na kama treni tayari inakuja na njia imeharibika? Vitabu vya kanuni vya reli za Marekani, pamoja na taa zao zote, vimehifadhi ishara moja ambayo mtu yeyote anaweza kuitoa: kitu chochote kinachopungwa kwa nguvu na mtu aliye kando ya reli ni agizo la kusimama. Shati linatosha, au leso, au tochi usiku, mradi anayepunga asimame nje ya reli na mbali vya kutosha kutoka pale palipoharibika.